Ini la Mtu Asiyekunywa

Gereji nzima walimwita Pua, na yeye hakuchukia. Aliitika kama mtu anayeitwa kwa cheo. Wapiga rangi wengine wa magari huanza kazi kwa macho. Yeye alianza kwa pua. Ukimletea kopo la tina, yale maji makali ya kulainishia rangi, hakuwa na haja ya kusoma maandishi ya ubavuni. Alifungua kifuniko, akafumba macho, akavuta pumzi moja ndefu, kisha akatulia kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mtu. "Hii imetiwa petroli," angesema. Au, "Hii ni safi, ila imekaa juani." Mafundi wa gereji za jirani walikuwa wakivuka barabara na makopo yao ili awanusie tu. Hakumtoza mtu. Alifurahi kuulizwa.

Chumba chake cha kupulizia rangi kilikuwa stoo ya zamani nyuma ya gereji. Sasa, mpiga rangi ana adui mmoja, na adui huyo ni vumbi. Chembe moja ikitua kwenye boneti mbichi, kazi yote inarudi kwenye msasa. Kwa hiyo Pua alilifungia vumbi nje kwa kila njia aliyoijua. Dirisha aligongelea plastiki. Nyufa za ukuta aliziba kwa puti ileile ya kuzibia mabonde ya magari. Chini ya mlango alisokomeza matambara, sakafu akaimwagia maji, na akishaingia humo na gari lake hata nzi hakuwa na pa kupenya. Barakoa alikuwa nayo, mpya kabisa, imening'inia msumarini tangu siku aliyoinunua. "Nikijiziba pua nitajuaje rangi imechanganyika sawa?" aliwauliza waliomsema. "Umeshamwona mpishi aliyefunga mdomo kwa plasta?" Kazi ikiisha alinawa kwa tina, kuanzia vidoleni hadi viwikoni, akajifuta, akaenda kwake.

Na alikwenda kwa furaha. Siku za kupulizia rangi, jioni ilimkuta mwepesi, miguu ikimpeleka kwa hiari yake yenyewe, naye akiimba. Akifika mlangoni alimsifu mkewe kwa mambo ambayo mume wa kawaida hapati hata kuyaona: jinsi mapazia yalivyonyooka, jinsi sufuria zilivyopangwa kwa ukubwa. Baadaye kichwa kilianza kumgonga, akala matonge machache, akalala. Yeye alidhani ni raha ya kazi. Mkewe naye alidhani hivyo hivyo, na aliwaringia majirani kwamba mume wake anaipenda kazi yake mpaka inampa wimbo.

Maana lilikuwapo jambo moja lililojulikana kuliko hata ile pua: mtu huyu hakuwahi kuonja pombe. Mkewe alikulia katika nyumba ya baba mlevi. Alijua sauti ya funguo zinazotafuta tundu la kitasa bila kuliona, na alijua maana ya kuuziwa kitanda ukiwa shuleni. Siku Pua alipokwenda kumchumbia, binti alimtazama usoni mbele ya wazee wote akamwambia, "Siku nikikuta umekunywa sitagomba na wewe. Nitafunga mizigo yangu." Pua aliona sharti hilo ni jepesi kama unyoya. Alilishika, akalipenda, na mwisho akaanza kuwahubiria wengine.

Aliyehubiriwa zaidi alikuwa fundi bodi, yule anayenyoosha mabati ng'ambo ya ukuta, ambaye kila mtu alimwita Nyundo. Nyundo alikunywa na hakumficha mtu.

"Nyundo, ndugu yangu, hilo ini lako litakufa," Pua alimwambia kila Jumamosi.

"Likifa nitalizika mimi mwenyewe," Nyundo alijibu, "na wewe sitakualika, utanikatishia burudani."

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka Pua alipoanza kuchoka. Kwanza ilikuwa uchovu wa ngazi. Kisha ukawa uchovu wa kufunga kamba za viatu. Chakula kikawa hakimwiti. Chini ya mbavu za kulia alihisi uzito, kana kwamba mtu amemwekea pale jiwe akasahau kurudi kulichukua. Ngozi ikawasha bila upele. Yeye alisema ni joto, na joto lilipopungua akasema ni baridi.

Asubuhi moja mkewe alimtazama akinywa chai, akaweka kikombe chake chini. "Baba watoto, macho yako yana njano."

Pua alikwenda kwenye kioo. Akavuta kope ya chini, akageuza uso upande wa dirisha, akarudi nyuma hatua moja, akasogea tena.

"Si njano tupu," alisema baada ya kufikiri. "Ni njano iliyotiwa kahawia kwa mbali. Niliwahi kulipaka basi la shule rangi hii. Inasumbua sana kuipata."

"Vaa viatu," mkewe alisema. "Tunakwenda hospitali."

Hapo ndipo Pua alipofanya kosa lake. Mtu wa rangi huwa ana madoa ya rangi, na yeye hakutaka kwenda mbele ya daktari na madoa. Alijisugua mikono kwa tina mpaka ikang'aa, akakata kucha, akavaa koti lile alilofungia ndoa. Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na sauti ya upole, na chumba chake kilinukia sabuni. Alipoulizwa, "Unafanya kazi gani?" Pua aliona jinsi kila kitu mle kilivyo cheupe, akanyoosha kola.

"Niko kwenye shughuli za magari," alijibu.

Daktari akaandika. Bila shaka aliandika mfanyabiashara.

Damu ikachukuliwa, wakangoja kwenye benchi la korido, wakaitwa tena. Daktari aliwaonyesha viti. "Nilikuwa naogopa virusi, lakini virusi havipo. Hilo ni jema. Ila ini lako limevimba. Vipimo vyake vyote viko juu. Kuna kitu kinaliumiza kila siku." Akainua macho. "Unakunywa kiasi gani?"

"Maji?"

"Pombe."

"Sinywi."

"Tuseme kwa wiki."

"Daktari, mimi sinywi. Waulize watu."

"Hata ukiwa na wateja? Biashara ya magari ina vikao vingi."

"Hata tone."

Daktari alivua miwani akaifuta taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amesikia maneno hayo kwa miaka mingi, na mengi hayakuwa kweli. Akamgeukia mke. "Mama, hebu tupishe kidogo."

Ilikuwa sentensi fupi, lakini Pua alimwona mkewe akiipokea kama mtu aliyekabidhiwa mzigo. Alisimama, akachukua mkoba wake, akatoka bila kugeuka. Ndani, Pua alirudia sinywi kwa kila namna ambayo lugha inaruhusu. Nje, mkewe alisikia sauti tu, haina maneno. Pua alipotoka walitembea mpaka geti la hospitali, na hapo mkewe akasimama.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia sinywi."

"Hilo ulishalisema nikiwa ndani. Sasa muda wote huo mlikuwa mnazungumza nini?"

Pua akatafuta jibu, na kwa bahati mbaya alilitafuta kwa muda mrefu.

Siku iliyofuata dada mkubwa wa mke akawasili. Alikuwa mwanamke wa maneno machache lakini yote mazito, na alikuja, kama alivyosema mwenyewe, kumsaidia mdogo wake kutafuta ukweli. Alitafuta ukweli chini ya godoro. Aliutafuta ndani ya buti za mvua na nyuma ya tangi la maji. Hatimaye aliufungua mfuko wa kazi wa shemeji yake, na humo akatoa chupa bapa ya pombe kali, ile inayotosha mfukoni, imejaa nusu.

"Shemeji," alisema akiiweka mezani katikati ya vikombe, "karibu."

"Hiyo ni tina," Pua alisema. "Chupa nilipewa na Nyundo. Naipendea kifuniko, hakivuji."

"Tina. Kwenye chupa hii."

"Nusa basi."

Dada mkubwa alinusa. Macho yakamtoka machozi, akakohoa mpaka akashika ukingo wa meza. Aliporudiwa na sauti alimwambia mdogo wake, "Mambo ni makubwa kuliko nilivyofikiri. Mwenzio ameshapita kwenye bia zamani."

Mkewe hakucheka. Alikuwa akiiangalia ile chupa huku akifikiri jambo lingine kabisa, na alipolisema alilisema polepole. "Kule kuimba."

"Kuimba gani?" Pua aliuliza.

"Jioni. Unaimba, unayumba kidogo pale kwenye ngazi, unanisifia sufuria. Kisha kichwa kinakuuma. Mimi nimelelewa na mtu wa hivyo. Nimeishi na wewe miaka yote hii na sikuona."

"Ni raha ya kazi."

"Baba yangu naye alikuwa na raha ya kazi," alisema, "na hakuwa na kazi."

Jioni ile aliteremsha sanduku lake kutoka juu ya kabati. Hakuweka kitu ndani. Alilifuta vumbi tu akalisimamisha kwenye korido, karibu na mlango, na likakaa pale kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Kila Pua alipokwenda kuoga ilimbidi alipishe. Alijua mke wake si mtu wa vitisho. Sanduku likiamka pale halitarudi.

Kazini nako hakukuwa na afueni. Habari ilikuwa imefika kabla yake. Nyundo alimngoja mlangoni, ameshika kiti. Akakipangusa kwa shati lake.

"Kaa, mkubwa."

"Kukaa kwa nini?"

"Kumbe ni mwenzetu. Tena si mwenzetu, ni mwalimu wetu. Sisi tunakunywa mbele ya watu kama watoto wadogo, wewe umekunywa mpaka ini limevimba na hakuna aliyenusa." Alitikisa kichwa kwa heshima ya kweli. "Nifundishe jambo moja tu. Ulikuwa unaficha wapi?"

"Nyundo, sijawahi kunywa."

"Unaona," Nyundo aliwaambia wenzake, "hata sasa hashikiki."

Pua aliingia chumbani kwake, akajifungia, akapulizia mlango wa gari dogo la bluu. Na alipotoka, pamoja na huzuni yote aliyokuwa nayo, alijikuta anaimba. Akajishika mdomo kwa mikono miwili.

Asubuhi mkewe alimngoja kando ya sanduku. Alikuwa ameshavaa. "Leo nakwenda na wewe kazini. Nitakaa humo ndani, nikutazame kutoka mwanzo hadi mwisho. Kama hunywi, nitaona hunywi. Kama unakunywa, sitagomba."

Pua aliangalia sanduku, akaangalia mke. "Twende," alisema. Alikuwa na hakika kwamba balaa lake limekwisha. Hakuwahi kumwonyesha jinsi anavyofanya kazi, na ndani ya moyo wake aliona fahari kidogo.

Walikwenda watatu. Dada mkubwa alishika ulinzi nje, ubavuni mwa ukuta, ili isije ikarushwa chupa kutoka upande wa Nyundo. Mke alikaribishwa ndani, akapewa kiti cha gari kilichong'olewa, kizuri, chenye mito. Pua akavuta mlango, akasokomeza matambara, akamwaga maji, akakagua plastiki ya dirisha kwa kiganja. Akafungua tina, akainusa kwa muda, akachanganya. Kompresa ya hewa ikaanza kunguruma, bastola ya rangi ikaanza kufoka, na ukungu mwembamba wa bluu ukajaa chumba.

Mke alikuwa amekaa wima, mkoba mapajani, macho kwenye mikono ya mumewe. Aliihesabu mikono ile kila ilipokwenda. Ilikwenda kwenye kopo, ikaenda kwenye gari, ikarudi kwenye kopo. Haikwenda mdomoni. Harufu ilimchoma puani mwanzoni, kisha akaizoea, kisha akasahau kwamba ipo. Baada ya muda aliegemea mto. Baadaye kidogo akaweka mkoba sakafuni, kwenye maji.

"Baba watoto," alisema.

"Naam."

"Una mgongo mzuri."

Pua akafurahi, akaendelea kupulizia.

"Sijawahi kukwambia. Tangu siku ile ya wazee. Nilisema habari ya mizigo lakini nilikuwa naangalia mgongo." Akaanza kucheka, kicheko chembamba kilichokuwa kinatafuta mlango wa kutokea. "Na dada yangu ana masharubu. Umeyaona? Yote mawili."

Pua akazima kompresa. Katika ukimya ule mkewe akaanza kuimba, na wimbo wenyewe ulikuwa ule wa mumewe, pamoja na kile kigugumizi anachokiweka kwenye ubeti wa pili kwa sababu hajui maneno.

Pua alipofungua mlango, mkewe alitoka kwanza, akaukosa uwazi kidogo, akagonga fremu kwa bega, akaiomba radhi. Jua likampiga. Nyundo alikuwa ameshakuja kwa sababu ya nyimbo, na dada mkubwa aliacha ulinzi akaja mbio.

"Mmemnywesha mdogo wangu," dada alisema.

Nyundo alimtazama yule mama akijaribu kuweka mguu pale ambapo ardhi haikuwapo, na alikuwa mtu anayeijua kazi hiyo. "Shemeji," aliuliza kwa upole, "umeshafika ya ngapi?"

"Sijanywa," mke wa Pua alisema. "Hata tone." Kisha alijisikia akilisema. Akageuka akamwangalia mume wake pale mlangoni, na nyuma yake ule ukungu wa bluu ukitoka taratibu kama mvuke wa chungu, na uso wake ukabadilika. Akasogea kando akatapika, akaketi juu ya tairi, akashika kichwa.

"Kinakugonga hapa?" Pua aliuliza, akijigusa kipaji cha uso.

"Hapo hapo."

"Ndiyo raha ya kazi," alisema. Lakini na yeye sauti ilikuwa imeanza kupungua nguvu katikati ya maneno.

Walimpa maji, wakamkalisha penye upepo mpaka rangi ikamrudia. Hakungoja kesho. Alimkamata mumewe mkono vile vile alivyo, na ovaroli lake lenye rangi ya magari yote ya mji, na vidole vya bluu, akampeleka kwa daktari na kumsimamisha katikati ya chumba kile cheupe.

"Hii ndiyo shughuli yake ya magari," alisema. Kisha akaeleza yote: plastiki, matambara, kunusa, kunawa. Alieleza hata alivyoimba.

Daktari alisikiliza, kisha akauliza moja tu. "Unanawa kwa tina? Kila siku?"

"Sabuni haitoi rangi," Pua alisema.

"Kaeni." Daktari alisogeza kiti chake. "Kila kinachoingia mwilini mwisho wake kinafikishwa kwa ini likisafishe. Ini haliulizi kimepita mlango gani. Pombe hupita mdomoni, hii yako inapita puani na kwenye ngozi, lakini ikifika kule kazi ni moja. Ini likizidiwa linaumia. Mwili unatuma askari wake kulitibu, na askari hao hawaji mikono mitupu. Wanawasha moto, panavimba. Moto wa siku moja huzimika. Wewe unauwasha kila ukienda kazini." Akamtazama. "Na nikuombe radhi. Nilikuuliza habari ya kunywa mara nyingi, habari ya kazi mara moja."

"Na mimi nilijibu kwa koti," Pua alisema.

"Litapona?" mke aliuliza.

"Ini ni jepesi kusamehe. Akiacha kuliumiza, litajijenga. Likifika mahali pa kuwa kovu tupu, hapo halisamehi tena. Bado hajafika."

Jioni ile sanduku lilirudi juu ya kabati. Pua alilipandisha mwenyewe, akakataa kusaidiwa, ingawa alipumzika mara mbili.

Alikaa nyumbani mpaka macho yakarudi kuwa meupe, na alipoanza tena kazi mkewe alitangulia gerejini na kisu cha jikoni. Plastiki ya dirisha aliichana kwa mkono wake. Nyundo, aliyekuwa bado anaona aibu kwa sababu ya kile kiti, alitoboa ukuta na kufunga feni kubwa ya kutoa hewa nje. Ile barakoa ya msumarini daktari aliikataa, akasema hiyo ni ya vumbi. Wakanunua ile ya mpira yenye vichujio viwili mashavuni, na glavu ndefu. Pua akawa anafanana na mdudu mkubwa mwenye huzuni. Siku za mwanzo alitembea humo ndani kama mtu aliyezimiwa taa, akifungua makopo na kuyatazama bila kujua yanasema nini. Ilipobidi, akachukua kopo akaanza kusoma ubavuni, mara ya kwanza katika maisha yake, na akakuta imeandikwa kwa herufi nene: tumia mahali penye hewa ya kutosha. Akamwita Nyundo aje aone. Walisimama pale muda mrefu, wawili hao, wakilisoma kopo.

Vumbi nalo liliingia, kama alivyojua litaingia. Mwenye gari moja alilalamika kwamba kuna mbu amekaukia kwenye boneti yake. Pua alimsugua yule mbu kwa msasa, akaanza upya, na hakuimba.

Siku ya kurudia vipimo, yule mama daktari alikuwa likizo. Walipokelewa na kijana aliyekuwa anashika nafasi yake, mtu wa haraka, kalamu tayari mkononi. Alipitisha macho kwenye majibu. Vipimo vya ini vilikuwa vinashuka, alisema, havijafika mahali pake lakini vinashuka. Kisha akauliza kama wanavyofundishwa kuuliza.

"Mzee, unakunywa pombe?"

Pua akavuta pumzi, kwa sababu lilikuwa jibu alilokwisha kulitoa kwa kila namna na alikuwa anatafuta mpya. Lakini mkewe alimtangulia.

"Huyu hanywi," alisema.

"Una uhakika, mama?"

"Namjua."

Pua akaangalia dirishani, akakaa anaangalia huko. Kijana akaandika. Kwa sababu alikuwa na adabu, na kwa sababu kalamu ilikuwa bado mkononi, akamgeukia na yule mama.

"Na wewe je?"

"Nililewa mara moja tu," mke wa Pua alisema. "Kazini kwake."